Magoti ya Suruali

Tarehe 4 Januari

Mdogo wangu mpendwa,

Habari za mwaka mpya huko majini? Sisi huku hatujambo kwa kiasi chetu. Mpwa wako amejifungua salama, mtoto wa kike, na tayari ana sauti ya kupigia mnada. Mumewe, yule fundi friji, anakusalimu sana. Tangu anunue fimbo ya kuvulia samaki hatuna amani humu ndani. Anasimama sebuleni, anarusha mshipi juu ya kochi, anavua mto. Tumempa jina la Mvuvi wa Sebuleni na amelipokea kwa furaha. Mimi shida yangu ni macho tu. Daktari anasema ni mtoto wa jicho, na la kushoto ndilo limezidi. Sindano natunga kwa kupapasa. Wateja hawajajua, nawe funga mdomo.

Sasa la maana. Jiwe la mama limekamilika. Mchongaji amelileta juzi kwa toroli, nimeliweka nyuma ya cherehani, nikishona nalitazama. Miaka thelathini na nne mama amelala pale rasini, tangu kabla mipaka ya hifadhi haijasogezwa na sisi tukahamishwa, na hadi leo ana kibao cha mbao tu kichwani. Nataka jiwe niliweke mwenyewe kabla macho hayajafunga kabisa. Nataka kaburi nilione, siyo nilipapase.

Kwa hiyo tunakuja Machi, mimi na mpwa wako na huyo mvuvi wetu. Wao waone tembo na viboko, yeye avue kwenye boti yako, na mimi unipeleke rasini. Najua kaburi ni safi, maana kila mwaka unaniandikia kwamba unalipalilia kila mwezi, na kwa hilo nakuombea baraka. Lakini lipitie tena, usije ukaniaibisha mbele ya mama. Unakumbuka tulimzika na lile gauni la bluu, gauni la kwanza kushona maishani mwangu? Alisema hataki kuvalishwa jingine. Lilikuwa baya, maskini, lakini hakukubali.

Jibu kwa barua. Simu ya huko siitaki, mtandao wenu uko getini tu na ukisimama pale unanong'ona kama mwizi wa kuku. Hii nampa dereva wa lori la vifaa kama kawaida.

Dada yako

Tarehe 29 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, ila imefika mdomo wazi. Bahasha imefunguka juu yote, karatasi inachungulia nje. Nimeipokea kwa karani wa getini, maana kila kinacholetwa na lori kinapita mikononi mwake. Amenipa huku ananitazama usoni. 

Hongera ya mjukuu. Huku tupo. Kuna kiboko amezoea kulala nyuma ya jiko la wafanyakazi, na mpishi kabla ya kumwaga maji machafu anabisha hodi kwanza. Wageni ni wengi. Juzi mzee mmoja alivua kambare urefu wa meza, akatokwa na machozi nilipomwambia amrudishe majini. Ndiyo sheria: unampima, unapigwa picha naye, unamwacha aende zake. Mwambie Mvuvi wa Sebuleni auandae moyo.

Kuhusu Machi, dada, Machi si mwezi mzuri. Injini ya boti inakohoa. Maji ya ziwa yamepanda sana mwaka huu, na viboko wana watoto, hawapitiki. Halafu nasikia kuanzia Aprili uvuvi unafungwa. Naona bora mwakani. Jiwe halina haraka, mawe hayaozi.

Rasini nimekwenda, kama ulivyoagiza.

Nakutumia suruali ya kazi, imechanika magotini na kwenye paja. Ipige kiraka tu.

Mdogo wako

Tarehe 17 Februari

Mdogo wangu,

Sote wazima. Mtoto ameanza kucheka, mpwa wako anasema ni gesi, mimi nasema ananicheka mimi ninavyogongana na meza.

Nimemuuliza dereva wa lori kuhusu injini yako inayokohoa. Akaniuliza, "Injini gani, mama? Wiki hii amebeba wageni kila siku." Nikamuuliza viboko. Akasema viboko wana watoto toka dunia iumbwe. Nikamuuliza uvuvi wa Aprili. Akacheka mpaka akashika usukani. Njia ya mwongo fupi, mdogo wangu, na yako haikufika hata kwenye kona.

Na unaniambia umekwenda rasini, halafu nukta. Hakuna "kaburi ni zima", hakuna "nimepalilia". Mtu mwenye maneno ya kusimulia kiboko na mpishi, kwa mama yake amekosa hata mstari mmoja?

Sasa sikiliza. Nakushonea suruali zako miaka kumi na tisa, tangu uvae hizo sare. Nguo zako nazijua kuliko uso wako. Makalio yamekwisha kwa kukaa kwenye kiti cha boti. Mfuko wa kulia umetoboka kwa funguo. Magoti mapya, miaka hii ya karibuni daima mapya, nikawa najiuliza mtu anayepalilia kaburi kila mwezi magoti yake yanabakije mapya. Nikajisemea labda anapalilia ameinama. Hii uliyoleta juzi imelowa mpaka pajani, tope jeusi limeingia ndani ya nyuzi za magoti, na paja limekatwa mstari ulionyooka, kama limepitiwa na sepetu. Hiyo si suruali ya nahodha. Hiyo ni suruali ya MCHIMBAJI.

Unachimba nini? Nasikia watu wa kambi mpya ya mahema wanatafuta mahali penye upepo, na penye upepo kuliko rasi ile hakuna. Niambie kweli, mmewapa? Mnawachimbia vyoo juu ya mama yangu?

Halafu hayo ya bahasha. Zako zinafika huku zimefungwa vizuri kabisa. Zangu tu ndizo zinazofunguliwa? Huyo karani ana hamu ya maneno ya wanawake au wewe unatafuta kisingizio?

Dada yako ambaye si mtoto

Tarehe 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini macho hayajazidi, na mtoto anaendelea kucheka.

Barua imefika wazi tena, na safari hii imebandikwa selotepu juu. Maana yake mtu ameisoma, amemaliza, ameifunga. Na wewe umeandika "mchimbaji" kwa herufi kubwa! Unajua huku kuchimba hata chambo nje ya eneo lake ni kosa? Mwaka jana mwenzetu alifukuzwa kazi kwa jino la kiboko alilokutwa nalo mfukoni. Wiki iliyopita mgeni alizuiwa getini saa nzima kwa mfupa mdogo aliouokota mchangani ampelekee mwanawe. Mfupa wowote, uwe wa nini, hautoki. Begi linafunguliwa, hata mto wa kulalia unapapaswa. Kuna mambo hayapiti getini, dada, wala kwa karatasi, wala kwa simu, maana simu inashika chini ya dirisha la karani.

Rasi sijauza. Naapa kwa aliyetuzaa. Zaidi ya hapo siandiki, na ukiniuliza tena sitajibu.

Siku hizi nakula chumbani. Kantini siendi, wenzangu nimewaambia ni tumbo. Chumba ni kilekile, kitanda cha chuma, dirisha la wavu, na chini ya kitanda lile sanduku la bati ulilonipa nikienda shule ya bweni. Nikiwa kazini nafunga mlango kwa kufuli mbili. Mfagiaji amenuna, anadhani namwita mwizi.

Nakutumia suruali nyingine. Ndani ya mfuko wa nyuma kuna kitu. Kitazame vizuri, wewe ndiye fundi. Usimwonyeshe mtu.

Mdogo wako

Tarehe 8 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu nakupa kwa sababu ya adabu tu.

Kumbe! Kumbe ndiyo mambo hayo! Nimeingiza mkono mfukoni, nikatoa kipande cha nguo ya mwanamke. Rangi imekufa, imekuwa kama maji ya chai, lakini vidole vyangu havidanganyiki: tetroni, na ni mfuko wa gauni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo zako ndizo zinazonilisha. Sasa nimeelewa kwa nini unakula chumbani. Nimeelewa na kufuli mbili. Nimeelewa kwa nini nisije Machi, wala Aprili, wala mwaka huu. Kuna mtu humo ndani!

Hivi ulikuwa unaogopa nini? Una miaka arobaini na saba, hujaoa, mimi ningepiga vigelegele! Unanificha mimi, niliyekulea toka una miaka kumi na mitatu, niliyekukata kucha? Au ni mke wa mtu? Maana mwanamke halali hafungiwi kufuli.

Na huyo bibi yako mwambie ajifunze kushona. Sijaona mshono mbaya namna ile. Umekwenda upogo, kona ya mfuko imerudiwa mara tatu kama gunia la mkaa, na uzi umevutwa mpaka kitambaa kimekunja uso. Mtu anayeshona hivyo hafai kupewa hata kitambaa cha deki. Nimekata pale palipo pazima, nimekitumia kuwa kiraka cha goti lako la kulia, kitambaa bado kigumu na mimi situpi kitu. Kona yenye mshono wa gunia imebaki ndani, upande wa ngozi yako, ikukune vizuri.

Mama hujamtaja hata mara moja. Mwezi wa sita nakuja, nimeshalipa kule mjini kama mgeni yeyote, kwa jina la marehemu mume wangu. Utanibeba kwenye boti yako upende usipende, na nikikuta hema limekaa pale, mimi na wewe basi.

Dada yako

Tarehe 2 Mei

Dada,

Shikamoo. Suruali hiyo nairudisha, sikuivaa. Sikuweza.

Hakuna mwanamke. Mshono ulioucheka, fundi wake namjua, na wewe unamjua. Fumua kiraka. Mwite mpwa wangu akushikie taa, au uguse ile kona kwa vidole taratibu. Halafu kaa chini kwanza kabla hujaniandikia.

Mdogo wako

Tarehe 19 Mei

Mdogo wangu,

Nimekaa chini. Bado nimekaa.

Nimefumua kiraka pale dirishani, mpwa wako ameshika taa ijapokuwa ilikuwa mchana. Sikuhitaji taa. Nimegusa kona, nikahesabu: mara moja, mara mbili, mara tatu. Mama alikuwa anatia kisu cha jikoni mfukoni, kona ikawa inatoboka, nikairudia mara tatu kwa sababu ndiyo ufundi pekee niliokuwa nao wakati ule. Fundi niliyemtukana ni mimi. Nimelia mpaka mtoto naye akaanza, tukalia watu watatu, na Mvuvi wa Sebuleni akasimama mlangoni na fimbo yake, hajui amfariji nani.

Nguo iko hapa. Yeye yuko wapi? Usijibu. Kama mtu anasoma hii getini, na asome: nakuja tarehe kumi na mbili Juni, na sanduku la bati nililompa ndugu yangu nataka kuliona kwa macho yangu.

Kwa nini ulikwenda kule na sepetu, sijui. Nani aliyekutuma, sijui. Bado sijakuamini, nisikudanganye. Mtu hamtoi mama yake ardhini bila kumwambia dada yake. Lakini kiraka nimekirudisha palepale, goti la kulia, safari hii kwa mshono wa mtu mzima. Hakuna wa getini atakayekagua kiraka. Ivae.

Dada yako

Tarehe 11 Julai

Dada yangu,

Shikamoo, na poleni kwa safari. Natumaini Mvuvi wa Sebuleni amenyamaza kidogo kuhusu kambare wake. Huku amekuwa hadithi. Kila nahodha anaiga alivyomkumbatia yule samaki na kumwambia "kwaheri, mzee" kabla ya kumwachia.

Naandika kwa sababu kuna maneno sikuyasema wiki ile yote. La kwanza ni kukuomba radhi. Siku ile nilipofunga boti na mkweo, nikapanda ngazi, nikakuona umekaa barazani kwangu na mkuu wa hifadhi, yeye na chai, wewe na chai, na sanduku la bati katikati yenu limefunikwa mtandio wako, nilirudi ngazi moja nyuma. Nilijua umeniuza. Nilikutazama kwa jicho baya sana, na najua uliliona, mtoto wa jicho au hakuna mtoto wa jicho. Nilikuwa tayari kukana kwamba wewe ni dada yangu. Mpaka mkuu akanyanyuka, akanipa mkono, akasema, "Pole kwa msiba, nahodha." Sikuelewa msiba gani, wa miaka thelathini na nne au wa siku hiyo.

La pili ni hili. Nilikusimulia pale barazani jinsi nilivyokuta ukingo umemeguka, nusu ya kaburi imeingia majini, na gauni linachungulia kwenye tope. Nilikusimulia nilivyochimba mchana, wageni wakiwa mezani, na mamba amelala hatua ishirini ananitazama kama msimamizi. Yote hayo ni kweli. Ila hukuniuliza swali moja, na mimi nikashukuru hukuuliza. Ukingo hauanguki siku moja, dada. Mtu anayepalilia kila mwezi angeuona unavyosogea.

Nilikuwa sijafika rasini miaka sita. Mwaka wa kwanza palikuwa na nyati. Wa pili nilisema nitakwenda kesho. Baada ya hapo nikazoea kukuandikia kwamba nimepalilia, na kuandika kukawa rahisi kuliko kwenda. Barua yako ya Januari ndiyo iliyonitia aibu nikachukua boti. Ingechelewa wiki mbili nisingekuta kitu. Basi hicho ndicho nilichokuwa nakificha zaidi ya sanduku. Niliogopa karani, niliogopa mkuu, lakini wewe nilikuogopa kuliko wote.

Sasa nijibu na wewe. Ulimwambia nini mkuu kule ofisini? Nilikuuliza njia nzima mpaka getini ukasema, "Nitakuandikia."

Mdogo wako

Tarehe 3 Agosti

Mdogo wangu,

Sote wazima, mtoto anakaa mwenyewe sasa, akianguka anatulaumu sisi. Jicho la kushoto litapasuliwa Septemba, niombee.

Nilijua. Umeniona mjinga? Nilijua toka zile suruali za magoti mapya, miaka sita mfululizo. Nilikuwa nashona viraka vya makalio huku nasema, haya, ananidanganya, lakini ananidanganya kwa upendo, na mimi niko mbali, nitafanya nini. Kosa langu ni hilo. Ningekuuliza mwaka wa kwanza ungeona haya ukaenda, na mama asingefikiwa na maji. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako, nami nina mzigo wangu.

Ila nisikufiche, nimeumia. Niliposoma "miaka sita" kwa mwandiko wako, nilikunja karatasi nikaiweka chini ya cherehani, nikashona kola nane kwa hasira. Za mteja zote zimekosewa.

Haya, ya ofisini. Uliniambia nikae kwenye hema la wageni nikusubiri, nisiseme na mtu. Nikakaa nusu saa. Nikatazama tembo wanakunywa maji, wazuri, sikatai, lakini mimi sikulipia tembo. Nikajisemea, miezi mitano mama yangu yuko chini ya kitanda kama viatu vya akiba, na mwanawe anaogopa karani? Nikachukua fimbo yangu nikaenda getini kwanza. Nikamwambia karani, "Wewe ndiye unayesoma barua zangu?" Maskini, yule mtu alitaka kulia. Akasema, "Mama, barua zako zinafika hapa zimeachama. Nazitoa kwenye lori ziko wazi. Hii ya mwisho karatasi ilikuwa imetoka nje kabisa, na ile ya Februari ndiyo nikaamua kutia selotepu yangu, nikaona aibu nahodha apokee barua ya dada yake namna ile." Nikamwuliza, zinafungukaje? Akanionyesha bahasha yangu ya mwisho, aliyobaki nayo baada ya kuibadilisha kwa mpya, akapitisha kidole. Unga mweupe.

Wanga! Mdogo wangu, bahasha zangu nabandika kwa wanga ninaopigia kola. Miaka yote. Huku kwetu pakavu unashika kama chuma. Huko kwenu mwaka huu, unyevu ulivyozidi kwa maji ya ziwa kupanda, ukifika getini umeyeyuka. Kumbe jasusi tuliyekuwa tunamwogopa ni uji wangu mwenyewe.

Hapo nikaona nikimshuku na mkuu nitakuwa kichaa. Nikaingia ofisini, nikamwambia yote bila kukaa. Akaweka kalamu chini. Halafu akauliza, "Miezi mitano? Chini ya kitanda?" Akafungua kabati, akatoa faili. Maji yalipoanza kupanda, familia mbili za waliohamishwa ziliomba kuhamisha makaburi yao, wakapewa kibali na eneo kule kilimani nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Tangazo lilibandikwa Februari ili wengine waombe. Nikamwuliza limebandikwa wapi. Akasema, "Kantini. Wafanyakazi wote wanakula pale."

Nilicheka, mdogo wangu. Mbele ya mkuu wa hifadhi, na kamasi juu. Wafanyakazi wote isipokuwa mmoja, anayekula chumbani analinda sanduku.

Kufuli zako mbili alizikata askari wake kwa ruhusa yake, tukalitoa sanduku barazani. Barua ya onyo uliyopewa kwa kuchimba bila kibali uipokee kwa mikono miwili. Alitaka kuandika kali, nikamwomba aandike ya wastani. Ndiyo biashara niliyofanya.

Sasa mama yuko kilimani, na jiwe lake, na nimeliona kwa macho yangu mawili mabovu. Nilitaka tukifumue kiraka tumzike nacho, ukashika goti kwa mikono miwili mbele ya watu kama mtoto anayenyang'anywa. Nikakuacha. Lakini nina sharti. Usiniandikie tena kwamba umepalilia. Sitaki kusoma neno hilo maisha yangu yote. Wewe nitumie suruali tu, nitajua.

Dada yako

Tarehe 6 Januari

Dada yangu,

Shikamoo. Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Nimefurahi jicho limepona na kwamba sasa unaona hata vumbi la jirani. Kiboko wetu ameleta mtoto, wote wawili wanalala nyuma ya jiko. Mimi nimerudi kantini, nasoma kila tangazo, hata la kupotea kwa ndoo.

Karani anakusalimu. Katika mzigo huu utakuta chupa ya gundi, ni zawadi yake kwako.

Suruali ndiyo hiyo. Naomba unishonee. Goti la kushoto limetoboka kabisa. La kulia bado, fundi wake alishona mara tatu.

Mdogo wako